Nani Atalipia Swali la Mama Huyu?

MWEZI uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja alifika mlangoni mwa ofisi ya msikiti wetu akiwa na mwanawe wa miaka minne. Mtoto hatamki neno, hageuki akiitwa, na hushinda akizungusha kifuniko cha chupa. Mama hakuomba nauli wala dawa. Aliuliza, "Ustadhi, mwanangu ana nini, na kwa nini?"

Nusu ya kwanza ya swali hilo daktari anaweza kuijibu. Huenda ni usonji. Nusu ya pili haina jibu kamili popote duniani. Mzee mmoja alinong'ona kuwa ni jini. Majini hatuyakanushi, lakini kumkimbilia jini kabla ya daktari ni haraka isiyo na kheri. Hata degedege watu wa pwani waliliita shetani, kumbe mara nyingi ni homa ya malaria.

Malaria hiyo imechunguzwa sana na jirani zetu wa Kilifi, Kenya, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza mwaka 1989. Charles Newton na wenzake waliwafuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo, wakakuta baadhi yao wamebaki na kifafa, au ugumu wa kusema na kujifunza. Baadaye Profesa Amina Abubakar na wenzake wakaandaa kipimo cha makuzi chenye jina la Kilifi, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vifaa vinavyopatikana kirahisi. Hilo si jambo dogo: mtoto akipimwa kwa kitu asichowahi kukiona ataonekana mzito, ilhali mzito ni mpimaji.

Kazi za namna hii huhitaji fedha, na hapo pana fundo. Mfadhili mkubwa hatoi fedha nyingi kwa wazo lisilo na ushahidi. Mtafiti naye hapati ushahidi bila fedha. Fundo hilo hufunguliwa na ruzuku ya majaribio: fedha kidogo, aghalabu ya mwaka mmoja au miwili, ya kujaribu wazo kwa watoto wachache. Je, kipimo kinapima kweli? Wazazi wangapi wanakubali, na wangapi wanarudi mara ya pili? Jibu likiwa "hapana", nalo ni faida, kwani limeokoa fedha nyingi zaidi.

Simons Foundation ya New York hutoa ruzuku za aina hiyo kwa watafiti wa usonji. Hatuwalaumu wakichagua maswali yanayowagusa wao. Anayelipia mwanzo ndiye achaguaye swali. Yetu je? Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata umanjano akaachwa bila tiba, ubongo wake huwaje afikapo chuoni? Na ndoa za mabinamu, ambazo sheria imeziruhusu, zina mchango gani katika matatizo haya ndani ya koo zetu? Swali hili la mwisho ni zito, na ni bora tuliulize wenyewe kwa adabu kuliko kuulizwa na mgeni.

Mali ya kuanzia tunayo. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alianza kujenga Cairo hospitali iliyoendeshwa kwa mapato ya wakfu, ikipokea hata wagonjwa wa akili. Zaka ina mafungu yake manane na hatutaki kuyanyoosha; wakfu na sadaka vina uwanja mpana zaidi. Kodi za vibanda vyetu kwa miaka mingi zimekwenda kwenye rangi na mazulia.

Hata hivyo tusitoe kibubusa. Waliwahi kuja watafiti madrasa kwetu, wakapima vichwa na urefu wa watoto, wakaondoka. Hadi leo hakuna mzazi aliyeambiwa kilichoonekana. Atakayepewa shilingi ya wakfu aombe kwanza idhini ya wazazi, atunze siri za mtoto, kisha arejeshe matokeo kwa Kiswahili, mbele ya wazazi hao hao.

Mtoto wa yule mama ameandikiwa kliniki wiki ijayo, na nauli imetoka kwenye sanduku la msikiti. Hoja ya kutenga sehemu ya kodi za vibanda kwa utafiti imo kwenye ajenda ya kikao cha mwezi huu. Zulia jipya nalo limo.