Moto ikipiga «kla!» kwenye vitesi: tuisikilize kabla haijatuacha njiani

Mukrezeri wa Misisi ao wa Lubichako anajua kusikiliza. Mti wa shimo ukianza kulia, hatungoji kuuliza, tunapanda juu. Lakini tukitoka mgodini na kukaa nyuma ya motari, masikio tunayaacha kule chini. Moto inapiga «kla!» kila mara vitesi inapobadilishwa, na sisi tunasema: ni kawaida, moto imezeeka. Mara nyingi haijazeeka. Inaomba kitu kidogo, na kama hatukitoi, kesho itaomba kitu kikubwa.

Sisi wa muungano wa wakrezeri tunazungumza mambo ya moto kwa sababu bila moto kazi yetu inasimama. Kutoka Baraka kwenda Fizi, Lulimba hadi Misisi, moto ndiyo inabeba watu, unga, samaki, esanse ya motopompe, mgonjwa na mama mjamzito. Ziwa Tanganyika liko metre 773 hivi juu ya bahari, na Fizi-centre iko juu zaidi, milimani. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka. Motari anayeshuka na abiria wawili na mzigo hashikwi na freni tu, anashikwa pia na vitesi. Vitesi ikiruka yenyewe katikati ya mteremko, freni inabaki peke yake. Hapo kelele si kelele tena.

Kelele inatoka wapi?

Ndani ya motere, pinyo za vitesi zinashikana siku zote, mbili mbili. Ukikanyaga pedali, hauingizi pinyo mpya. Unasukuma pinyo moja pembeni, na meno yake ya ubavuni yanaingia katika matundu ya jirani yake. Kama zote mbili zinazunguka mbio moja, yanaingia kimya. Kama moja ina mbio na nyingine imesimama, yanagongana: «kla!»

Kazi ya ambriyaje ni kutenganisha nguvu ya motere na pinyo hizo. Kwenye moto zetu nyingi diski za ambriyaje zinaogelea ndani ya mafuta yale yale ya motere. Asubuhi mafuta ni mazito na diski zimegandana. Hata ukivuta mkono mpaka mwisho, motere bado inazungusha pinyo kidogo. Ndiyo maana vitesi ya kwanza ya asubuhi inagonga, na hiyo peke yake si ugonjwa. Hata moto kubwa za safari za mbali, kama Honda Gold Wing, zinagonga kidogo zikiingia ya kwanza. Kinachotuhusu ni kelele inayozidi, inayoendelea hata moto ikishapata joto, na inayoingia mpaka ya tatu na ya nne.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kumwita mekanisie

La kwanza ni mafuta. Mafuta yaliyochakaa yanakuwa mepesi na machafu, hayalindi meno tena. Yapime moto ikiwa imesimama wima, si imelalia mguu wa pembeni. Usiweke mafuta ya gari: mengine yana dawa ya kuteleza ambayo inaharibu kazi ya diski. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA ao MA2. Hiyo ni alama ya Wajapani kwa moto ambazo ambriyaje yake iko ndani ya mafuta. Chupa ambayo kifuniko chake kimekwisha kufunguliwa, iache kwa muuzaji. Tarehe ya vidanje inafuata karneti ya moto yako, lakini kwa njia yetu ya vumbi, matope na mzigo, kuwahi ni bora kuliko kuchelewa. Na mafuta ya zamani yasimwagwe mtoni wala ziwani. Samaki tunaokula wanatoka humo.

La pili ni kamba ya ambriyaje. Shika mkono wa ambriyaje kwenye ncha yake. Kwa moto nyingi ndogo inatakiwa kucheza milimita 10 mpaka 15 hivi kabla ya kuanza kuvuta. Ikicheza sana, diski hazitengani na kila vitesi itagonga. Isipocheza kabisa, diski zinateleza na kuungua. Kurekebisha ni kazi ya dakika tano na ufunguo mmoja. Kamba iliyojaa vumbi, itie mafuta. Ikianza kukatika nyuzi, ibadilishe mbele haijakatika yote kwenye mlima.

La tatu ni shene. Shene iliyolegea inapiga kelele yake, na watu wengi wanadhani ni bwati ya vitesi. Zitofautishe hivi: kama «kla!» inasikika ukifungua ao ukifunga gazi bila kugusa pedali, angalia shene kwanza. Kwa moto nyingi inacheza milimita 20 mpaka 30 katikati, lakini karneti ndiyo inasema neno la mwisho. Zungusha gurudumu na upime fasi tatu, kwani shene haichakai sawasawa. Ukiivuta, alama za pande mbili za gurudumu ziwe sawa. Angalia pia mipira iliyo ndani ya gurudumu la nyuma: ikiisha, kila mshtuko unaingia moja kwa moja kwenye pinyo.

La nne ni rilanti na pedali yenyewe. Rilanti ikiwa juu sana, ya kwanza itagonga hata mafuta yakiwa mapya. Na bulo ya pedali ikilegea, mguu unakanyaga yote lakini ndani vitesi inaingia nusu.

Mguu wa motari

Moto nzuri inaweza kuharibiwa na mguu mbaya. Asubuhi, weka ya pili motere ikiwa imezimwa, vuta ambriyaje, sukuma moto mbele na nyuma mara mbili tatu mpaka diski ziachane. Kisha weka pwemori, washa, ngoja ipate joto, vuta ambriyaje mpaka mwisho, hesabu mbili, ndipo uingize ya kwanza.

Njiani, gazi na ambriyaje viende pamoja, na mguu ukanyage mara moja, kwa uhakika, bila kusitasita na bila kupiga teke. Usiweke mguu juu ya pedali wakati wote kama vile ni kiti. Uma unaosukuma pinyo unakwisha polepole. Mbele ya mlima, punguza vitesi moto ikiwa bado inatembea. Ukishuka, rudisha moja moja. Anayetoka ya nne mpaka ya kwanza kwa haraka, gurudumu la nyuma linaweza kumteleza na abiria wake.

Wakati wa kusimamisha moto

Kuna alama ambazo mafuta mapya hayaziponyi: vitesi inaruka yenyewe moto ikivuta mzigo, «krrr» badala ya «kla», vipande vya chuma vinavyong'aa ndani ya mafuta ya vidanje, vitesi inayokataa hata motere ikiwa na joto. Hapo meno yamekwisha kuwa mviringo ao uma umepinda, na motere lazima ifunguliwe. Ukiwa abiria na unasikia vitesi inaruka kwenye mteremko, mwambie motari asimame, ushuke. Usione haya. Ni mwili wako.

Nani analipa?

Hapa ndipo ugomvi unaanzia. Moto nyingi za njia hii zimenunuliwa kwa pesa ya dhahabu. Mwenye moto yuko shimoni ao nyumbani, motari anamletea versema. Motari anasema vidanje ni ya patro, patro anasema ni ya motari, na katikati moto inatembea na mafuta meusi. Siku bwati inapovunjika, patro anapoteza moto, motari anapoteza kazi, na watoto wa nyumba mbili wanakosa chakula.

Tunawaomba jamaa wote, hasa akina mama wanaotunza moto wakati bwana yuko Misisi, mpatane kabla funguo haijatolewa: nani analipa mafuta, nani kamba na shene, nani motere ikifunguliwa. Nunueni kayé ndogo. Andikeni tarehe ya kila vidanje na kilometa, ao siku za kazi kama kontere imekufa, na wote wawili watie sahihi. Versema ya siku ya vidanje ipunguzwe kwa bei ya mafuta. Litre moja ya mafuta haijawahi kumfilisi patro yeyote, lakini motere iliyofunguliwa imewafilisi wengi.