Tukutane Wapi? Haki katika Kuchagua Mahali pa Mkutano wa Mwaka

Kundi lililozaliwa mtandaoni halina kwao. Mwanachama aliye Dar es Salaam na aliye Mwanza, aliye Muscat na aliye Minneapolis, wote husoma ujumbe uleule kwa dakika ileile, wala hakuna aliye karibu na kundi kuliko mwenzake. Usawa huo hukoma siku wanapoamua kuonana ana kwa ana. Kila mji unaotajwa humfanya mmoja mwenyeji na mwingine msafiri wa siku nzima. Mahali pa kukutania ndipo panapoamua nani atakuwapo na nani ataishia kutazama picha.

Kuchagua mahali, basi, ni kugawa mzigo wa nauli, muda na usumbufu kati ya watu ambao hadi jana walikuwa sawa. Mzigo huo unaweza kupimwa. Mabishano mengi juu ya miji hutokana na watu kupima vitu tofauti bila kujua, kwa hiyo la kwanza ni kukubaliana kipimo.

Vipimo vitatu

Tuchukue kundi la watu 20 walio kwenye njia moja kuu ya Tanzania: 11 wako Dar es Salaam, 3 Morogoro, 4 Dodoma na 2 Mwanza. Kwa makadirio ya barabara, Morogoro iko kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, Dodoma 450 na Mwanza 1,150.

Kipimo cha kwanza ni jumla ya safari zote. Wakikutana Dar es Salaam, kundi zima litasafiri kilomita 4,700 kwenda. Wakikutana Morogoro, ni 5,100. Dodoma ni 7,100, na Mwanza ni 18,300. Kwa kipimo hiki Dar es Salaam inashinda.

Kipimo cha pili humtazama mtu mmoja tu: aliye mbali kuliko wote. Mkutano ukiwa Dar es Salaam, wa Mwanza atasafiri kilomita 1,150. Ukiwa Morogoro, 950. Ukiwa Dodoma, 700, na hakuna mwingine atakayesafiri zaidi ya hapo. Kwa kipimo hiki Dodoma inashinda.

Kipimo cha tatu ni wastani wa mahali. Umbali wa kila mtu kutoka Dar es Salaam ukijumlishwa na kugawanywa kwa 20, jibu ni kilomita 235, yaani mbele kidogo ya Morogoro. Kipimo hiki huipa safari ndefu uzito mkubwa kuliko urefu wake: safari ikirefuka mara mbili, uzito wake huwa mara nne. Ndiyo maana humsogelea aliye mbali bila kuwasahau walio wengi.

Majibu ni matatu na hesabu zote ni sahihi, kwa sababu kila kipimo kimebeba wazo lake la haki. Cha kwanza hulinda nguvu za kundi zima, cha pili humlinda aliye pembezoni, cha tatu hutafuta suluhu kati yao. Mipango ya huduma za umma hukutana na uamuzi huohuo: ghala huwekwa mahali panapopunguza jumla ya safari za mizigo, lakini kituo cha zimamoto huwekwa ili nyumba ya mbali kuliko zote isichelewe kufikiwa.

Swali lenyewe ni la zamani. Katika karne ya 17 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliuliza ni wapi penye jumla ndogo kabisa ya umbali kutoka pointi tatu. Evangelista Torricelli wa Italia alipata jibu: ni pale ambapo mistari ya kwenda kwenye pointi hizo inaachana kwa nyuzi 120 kila upande, ilimradi pembetatu yenyewe haina pembe inayofika kiasi hicho. Mwaka 1909 mwanauchumi Mjerumani Alfred Weber alitumia fikra hiyo kueleza viwanda hujengwa wapi, akiingiza uzito wa malighafi na wa bidhaa katika hesabu.

Mji wenye wengi

Kipimo cha jumla, ambacho watu wengi hukitumia bila kukitaja, kina tabia ambayo kila kundi linapaswa kuijua. Mji wenye zaidi ya nusu ya wanachama hushinda daima, hata wengine wawe mbali kiasi gani. Sababu yake ni nyepesi. Mkutano ukisogezwa kilomita moja nje ya Dar es Salaam, watu 11 wanaongezewa kilomita moja kila mmoja, na waliobaki 9 hawawezi kupunguziwa zaidi ya kilomita moja kila mmoja. Hata wale wawili wa Mwanza wangehamia Lubumbashi, jibu lingebaki Dar es Salaam.

Kura ya wengi wape huzaa matokeo yaleyale. Watu 11 wakiuchagua mji wao kila mwaka, hawajavunja kanuni yoyote, lakini wenzao 9 watakuwa wageni wa kudumu. Kura iliyo bora humwomba kila mwanachama ataje miji yote anayoweza kuifikia, si ule mmoja anaoupenda. Hapo mji wa kati kama Morogoro, ambao si chaguo la kwanza la wengi, huonekana kwamba unafikika kwa karibu wote. Katika mfano huu, kuhamia Morogoro kunaongeza jumla ya safari kwa kilomita 400 tu, chini ya asilimia 9, na kunampunguzia kila mtu wa Mwanza kilomita 200.

Ni lazima pia kujua nani anahesabiwa. Waandaaji wengi huwauliza waliohudhuria mwaka uliopita, na hao ni watu ambao mji wa mwaka uliopita uliwafaa. Aliyeshindwa kufika mara tatu hayumo kwenye orodha, hivyo hoja zake hazimo kwenye hesabu. Hojaji ya haki hutumwa kwa wanachama wote, na huuliza mambo mawili: unaishi wapi, na nini kilikuzuia usije.

Umbali usioonekana kwenye ramani

Kilomita ni mwanzo tu wa hesabu. Mtu husafiri kwa nauli, kwa saa na kwa hati, na vitatu hivyo havilingani na ramani. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imezisogeza Morogoro na Dodoma karibu na pwani kuliko zilivyokuwa kwa basi. Mwanza haijasogea hivyo: anayetoka huko huchagua kati ya siku nzima barabarani na tiketi ya ndege yenye bei nyingine kabisa. Kati ya nchi na nchi, mji wenye uwanja mkubwa wa ndege, kama Nairobi au Addis Ababa, mara nyingi hufikika kwa urahisi kuliko mji ulio karibu usio na safari za moja kwa moja.

Muda nao hauna bei moja. Mwajiriwa wa ofisi huomba likizo. Mwenye duka au bodaboda hupoteza kipato cha kila siku anayokuwa safarini. Mama mwenye mtoto mchanga huhitaji nauli ya msaidizi. Safari ya siku moja kwenda na siku moja kurudi kwa mkutano wa siku mbili inamaanisha siku nne bila kazi.

Hati ndizo zinazoweza kumzuia mtu kabisa. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania anayekwenda Nairobi haombi viza, lakini anahitaji hati ya kusafiria. Rwanda ilitangaza mwaka 2023 kwamba Waafrika wote wataingia bila kulipia viza. Kwa upande mwingine, mwombaji wa viza ya nchi za Schengen hulipa ada ya euro 90 tangu Juni 2024, huonyesha taarifa za benki na barua ya mwajiri, na akikataliwa harudishiwi ada. Yuko pia mwanachama anayeishi Marekani au Ulaya akisubiri karatasi zake za ukaaji. Huyo akitoka nje ya nchi anaweza kushindwa kurudi, hivyo kwake mkutano wa nje haufikiki, hata akipewa tiketi bure.

Kwa hiyo kila mji unaopendekezwa unapaswa kujibiwa maswali haya kwa kila kundi la wanachama: nauli ni kiasi gani, safari ni ya saa ngapi, na ni hati gani zinahitajika. Mji ambao sehemu ya wanachama hawawezi kuingia kisheria, au ambamo wangekuwa hatarini, hauingizwi kwenye kura.

Mahali penyewe na tarehe yake

Mji ukipatikana, haki huendelea ndani yake. Ukumbi wa ghorofani usio na lifti humfungia nje anayetumia kiti cha magurudumu. Hoteli moja tu ya bei kubwa huwachuja watu kwa mfuko, ilhali hosteli ya chuo au nyumba ya wageni iliyo jirani huwaingiza wote. Chakula kizingatie walio na masharti ya dini na ya afya. Mkutano usiishie usiku mahali ambapo usafiri wa umma umekwisha.

Tarehe nayo ni sehemu ya mahali. Mwezi wa Ramadhani, wiki ya mitihani ya taifa, msimu wa masika kati ya Machi na Mei, na mwisho wa Desemba ambapo nauli hupanda na tiketi huadimika, kila kimoja huondoa kundi fulani la watu. Tarehe ikitangazwa mapema, tiketi hununuliwa kwa bei ya chini, likizo hupangwa, na viza huombwa kwa nafasi.

Kuzunguka

Hakuna mji ulio sawa kwa wote kwa mwaka mmoja, ndiyo maana makundi mengi hutafuta haki kwa kuhama. Mfano mmoja unaojulikana ni Wikimania, mkutano wa mwaka wa watu wanaoandika Wikipedia na miradi yake ya jirani. Ulianza Frankfurt mwaka 2005, ukafuata Cambridge huko Massachusetts mwaka 2006, Taipei 2007, Alexandria 2008 na Buenos Aires 2009: mikutano mitano ya kwanza katika mabara matano. Mwaka 2016 ulifanyika Esino Lario, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia chenye wakazi wasiofika 1,000.

Hata hivyo, kuzunguka mabara hakutoshi. Afrika kusini mwa Sahara ilisubiri hadi mwaka 2018, mkutano ulipofika Cape Town. Afrika Mashariki ilisubiri hadi Agosti 2025, mkutano ulipokuja Nairobi, ingawa Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, kabla hata mkutano wenyewe haujazaliwa. Wachora ramani huria wa OpenStreetMap nao walileta mkutano wao wa dunia Nairobi mwaka 2024, na mwaka 2018 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G. Nafasi hizi hutoa faida isiyohesabika kwa kilomita: wenyeji hujifunza kuandaa, vijana ambao wasingeweza kusafiri huingia kwa nauli ya daladala, na lugha ya mahali husikika ukumbini.

Turudi kwenye kundi letu la watu 20. Wakikutana Dar es Salaam miaka mitatu mfululizo, kila mtu wa Mwanza atasafiri kilomita 3,450 kwenda, na wa Dar es Salaam hatasafiri hata moja. Wakikutana Dar es Salaam, kisha Dodoma, kisha Mwanza, wa Mwanza atakuwa amesafiri 1,850, wa Dar es Salaam 1,600, wa Morogoro 1,400 na wa Dodoma 1,150. Mzigo umekaribiana sana. Lakini jumla ya kundi imepanda kutoka kilomita 14,100 hadi 30,100. Kuzunguka huleta usawa kwa gharama kubwa.

Mfuko wa nauli

Iko njia ya kupata usawa bila kuongeza jumla: kukutana mahali nafuu kwa kundi, kisha kuchangia nauli kwa pamoja. Tuseme nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi ni shilingi 30,000 kutoka Morogoro, 70,000 kutoka Dodoma na 160,000 kutoka Mwanza. Jumla kwa watu wote ni 690,000. Ikigawanywa kwa 20, kila mmoja anabeba 34,500. Wenyeji 11 wanatoa kiasi hicho kamili, wa Morogoro wanaongeza 4,500, wa Dodoma wanarudishiwa 35,500 na wa Mwanza 125,500. Mkutano umegharimu kila mtu sawa, popote atokapo.

Mfuko una mipaka yake. Haurudishi siku ya mtu wa Mwanza iliyopotea barabarani, haumpatii mtu viza, wala hauwapi watu wa Mwanza uzoefu wa kuwa wenyeji. Unahitaji pia mweka hazina anayeaminika, risiti, na kanuni kwamba nauli inayolipwa ni ya njia ya kawaida. Kundi lenye tofauti kubwa za kipato huenda likaona ni haki zaidi mwenye uwezo atoe zaidi, na hilo likubaliwe kabla michango haijaanza.

Maswali mawili, basi, yasichanganywe: ni wapi ambapo mzigo wa kundi zima ni mdogo, na nani ataubeba. La kwanza hujibiwa kwa ramani, nauli na hati. La pili kwa mfuko na mzunguko. Kundi likikutana miaka mingi mahali nafuu kwa msaada wa mfuko, na kila baada ya muda likaenda kwa makusudi kwa walio pembezoni, linapata faida za njia zote mbili. Kwa wasioweza kufika popote, vikao virushwe mtandaoni nao wapewe nafasi ya kuuliza na kupiga kura. Wikimania ya mwaka 2020, iliyopangwa kufanyika Bangkok, ilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na ya mwaka 2021 ikafanyika yote mtandaoni. Uwezo uliojengwa wakati huo haustahili kutupwa.

Kanuni iliyokubaliwa iandikwe, itangazwe kabla miji haijatajwa, na ifuatwe na daftari la wazi: kila mwaka nani alikuja, alitoka wapi, alitumia kiasi gani, na nani alitaka kuja akashindwa. Upande uliobeba mzigo mkubwa kwa miaka iliyopita ndio utakaofikiriwa kwanza mwaka unaofuata.