Kunukuu Beti za Zamani: Jina la Nani Litajwe?

Msomaji wa makala za ushairi wa Kiswahili hukutana mara nyingi na ubeti uliofuatwa na maneno haya tu: "Muyaka, 1940". Rejeo hilo laonekana kutosha, kwani limetaja jina na mwaka. Lakini Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, na mwaka uliotajwa ni ule ambao William Hichens aliipiga chapa Diwani yake huko Johannesburg. Baina ya kinywa cha mshairi na ukurasa huo pana miaka mia moja, na pana watu.

Wapo kwanza wenyeji wa Mombasa walioyahifadhi mashairi yale vichwani mwao. Kisha yupo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Kwake aliyapata W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Na karatasi za Taylor, ambazo leo zimewekwa London, ndizo zilizomfaa Hichens. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz naye alitoa kitabu chake juu ya Muyaka. Katika rejeo lile la maneno mawili Mwalimu Sikujua hayumo kabisa, na pengine bila ya kazi yake tusingekuwa na la kunukuu. Nalo ni jambo la kustaajabisha katika pwani hii, ambako wanazuoni wa hadithi wamezoea isnadi tangu zamani, wala hawaikubali kauli mpaka wajue imepokewa kwa nani, naye kwa nani.

Haya si mambo ya heshima peke yake. Katika miswada ya zamani herufi be mara nyingi husimama mahali pa b, pa p, na hata pa mb, kwa kuwa sauti ya m haikuandikwa. Basi neno lililoandikwa kwa be mbili laweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba, na ni mhariri aliyechagua. Mtaalamu ajengaye hoja juu ya neno moja la Kimvita, akidhani anamsikiliza Muyaka, huenda anamsikiliza Hichens.

Kwa hiyo mwandishi na ataje kile alichokishika mkononi. Ikiwa ni kitabu cha 1940, aseme "Muyaka, katika toleo la Hichens, 1940", pamoja na ukurasa. Ikiwa ubeti ameukuta ndani ya makala ya mtu mwingine, amtaje mtu huyo, wala asijifanye kuwa ameliona toleo lenyewe. Ikiwa ni mswada, ataje maktaba unamowekwa na nambari yake, na aseme ni nani aliyeugeuza kwa hati za Kirumi, hata kama ni yeye mwenyewe.

Limebaki jambo la majina. Desturi ya Ulaya ya kutanguliza jina la mwisho haituelekei vema. Utendi wa mwaka 1858 ulitungwa na Mwana Kupona binti Msham. Tukimworodhesha chini ya "Msham", tumempa baba kazi ya binti. Shaaban Robert ni shauri jingine: vitabu vyake vyajulikana kwa majina yote mawili, na maktaba nyingi humweka chini ya "Robert", ingawa hilo nalo ni jina la baba yake.