Fuata Uzito, Mchoro Utatembea

Mama anayepanda mlima mjini Butembo na gunia la viazi mgongoni, mkanda ukimkaba kwenye paji la uso, hasimami wima. Kiwiliwili kimeinama mbele, shingo imekazwa, magoti yamekunjika. Mchoraji anayejifunza humsimamisha kama nguzo, kisha humtwika gunia. Vidole vyote vitano vipo, lakini mama haendi popote.

Sababu ni ya kifizikia. Mtu akisimama wima, kitovu cha uzito wake kiko usawa wa nyonga. Uzito huo ukishuka nje ya eneo la nyayo, ama apige hatua ama aanguke. Gunia huuvuta uzito nyuma, naye mama huinama mpaka urudi juu ya miguu. Ukiufuta mwinamo huo, umeufuta na mzigo.

Mtazame pia mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Kwenye tambarare, goti moja liko juu ya ubao na mguu wa pili uko tayari kusukuma. Akipanda na mzigo, mwili mzima hulala mbele. Mstari mmoja wa mshazari huanzia kisigino cha nyuma ukaishia mikononi. Chora mstari huo kwanza, uso na nguo vitafuata.

Hata aliyetulia hana mabega yaliyolingana kama rula. Huko Beni, dereva wa pikipiki anayengoja abiria huegemea mguu mmoja. Nyonga ya upande huo hupanda, na bega la upande huohuo hushuka. Wachongaji wa Ugiriki walilitumia jambo hilo karne ya 5 kabla ya Kristo.

Mtazamaji naye huuhisi mwendo hata kwenye picha tuli. Mwaka 2000, watafiti Zoe Kourtzi na Nancy Kanwisher walionyesha kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia mwendo huchangamka zaidi mtu akitazama picha ya mwanamichezo aliye katikati ya tendo kuliko picha ya mtu aliyepumzika, ingawa picha zote mbili hazisogei.

Kwa hiyo, chukua penseli ukakae kando ya barabara. Omba ruhusa, kisha mwache mtu aendelee na kazi yake, maana akisimama kukungoja atakakamaa. Jipe nusu dakika kwa kila mchoro, na kabla ya kugusa karatasi jiulize: uzito wake umeangukia wapi?