Kuotesha Mishipa ya Limfu

Katika bonde la Kilombero mpunga hupandwa miguu ikiwa ndani ya tope. Kwa mwenye matende, ufa mdogo katikati ya vidole unatosha: bakteria huingia, homa hupanda, mguu huwa wa moto, na kila shambulio huuacha umevimba zaidi.

Chanzo ni mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti. Anaenezwa na mbu, akiwemo Anofelesi wa malaria. Mnyoo jike hufikia sentimita 8 hadi 10 na huishi miaka kadhaa ndani ya mshipa wa limfu. Watoto wake hujaa kwenye damu usiku, ndiyo maana wapimaji walizoea kupiga hodi watu wakiwa wamelala. Mshipa hutanuka, vali zake hazifungi tena, na majimaji yaliyopaswa kurudi kwenye damu hubaki mguuni. Kingatiba ya ivermektini na albendazo, iliyoanzia Mafia mwaka 2000, hukata maambukizi, lakini mshipa ulioharibika hauponi kwa vidonge hivyo.

Je, mshipa mwingine unaweza kuota? Mwaka 1996 maabara ya Kari Alitalo, Helsinki, ilieleza protini ya VEGF-C, inayochochea mishipa ya limfu kuchipua. Seli shina zilizomo kwenye mafuta ya mwili huitoa protini hiyo. Wengi hudhani seli zenyewe hugeuka mishipa. Lakini kazi kubwa ya seli hizo ni kutoa ishara, na machipukizi hutoka kwenye mishipa iliyopo.

Kuchipua peke yake hakutoshi. Mfereji wa shambani usiofika kwenye mfereji mkuu hautoi maji, na chipukizi nalo lazima liungane na mshipa mkubwa wenye vali. Huko Odense, Denmark, wagonjwa 10 waliovimba mkono baada ya tiba ya saratani ya matiti walidungwa seli hizi kwapani. Walihisi mkono umekuwa mwepesi, lakini vipimo havikuonyesha ujazo umepungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa matende, naamini sabuni na maji ndivyo vitangulie: kuosha mguu kila siku, kukausha katikati ya vidole, kuuinua wakati wa kupumzika. Mashambulio ya bakteria yakirudiarudia, tishu hugeuka makovu, na mshipa mchanga haupenyi kovu kwa urahisi, hata uchochewe na seli za aina gani.