Jua la utosini lisifiche ugonjwa wa mkorosho kwenye picha

JUA la mchana ni rafiki wa mkulima anapoanika korosho, lakini humgeuka anapotaka kupiga picha ya mkorosho unaoumwa ili bwana shamba auone.

Nalasi iko kusini mwa Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, upande wa mpaka wa Msumbiji, katika ukanda ambao korosho ni zao kubwa la biashara. Kwa mkulima ambaye shamba lake liko mbali na mjini, picha nzuri ya simu inaweza kumwokolea nauli na siku nzima ya safari. Picha mbaya inaweza kumfanya apewe ushauri usio sahihi, na gharama yake ataiona wakati wa mavuno.

Eneo hilo liko takriban nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari 20 na Oktoba 22, jua la mchana hukaa wima juu ya kichwa. Oktoba ndipo msimu wa kuokota korosho unapoanza. Hata Julai na Agosti, mikorosho inapotoa maua, mwanga wa mchana bado ni mkali kuliko uwezo wa kamera nyingi za simu.

Kamera si jicho

Mtu aliyesimama chini ya mkorosho saa saba mchana huona majani ya juu yanayong'aa na pia korosho zilizoanguka kivulini. Jicho hujirekebisha kila linapohama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kamera huchagua kiasi kimoja tu cha mwanga kwa picha nzima.

Picha ya kawaida ya simu huhifadhi kila rangi kwa ngazi 256, kuanzia sifuri ambayo ni giza tupu, hadi 255 ambayo ni mwanga wa juu kabisa. Sehemu ikishafika ngazi ya juu kabisa katika rangi zote, hugeuka kuwa nyeupe tupu. Alama zote zilizokuwapo hapo hupotea, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha.

Hapo ndipo penye hatari kwa mkulima wa korosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho, huonekana kama unga mweupe unaoelekea kijivu. Salfa ya unga inayotumika kuukinga ni ya njano. Jua likizidi, unga wa ugonjwa, salfa na mng'ao wa kawaida wa jani vyote huonekana vyeupe. Mtaalamu anayetazama picha hiyo hawezi kujua kama mti unaumwa au umetoka kupuliziwa dawa.

Kwa upande mwingine, madoa meusi ya ugonjwa wa blaiti, au majeraha ya mbu wa mikorosho kwenye machipukizi, yakiwa kivulini humezwa na giza.

Picha tatu katika moja

Simu nyingi za kisasa zina msaada unaoandikwa HDR kwenye kamera. Ukiwashwa, simu hupiga picha kadhaa kwa haraka, kila moja kwa kiasi tofauti cha mwanga. Kwa mfano, ya kwanza inaweza kupigwa kwa sehemu moja ya 4,000 ya sekunde, ya pili kwa sehemu moja ya 1,000, na ya tatu kwa sehemu moja ya 250. Kila moja hupata mwanga mara nne ya iliyotangulia.

Baada ya hapo programu ya simu huchukua majani yenye jua kutoka picha ya kwanza, na yaliyo kivulini kutoka ya tatu, kisha huviunganisha kuwa picha moja.

Wazo hilo ni la zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya mawingu na nyingine ya bahari, kwa kuwa negativu moja haikuweza kubeba vyote viwili. Kampuni ya Apple iliweka HDR kwenye simu zake za iPhone mwaka 2010, na leo hata simu za bei ya chini huwa nayo. Baadhi huiwasha zenyewe bila kuonyesha alama yoyote.

Hata hivyo, HDR ina mipaka yake. Kwa kuwa picha hupigwa zaidi ya moja, tawi likitikiswa na upepo au mkono ukitetemeka, majani yanaweza kuonekana mawili mawili au yenye ukungu. Inafaa zaidi kwa vitu vilivyotulia, kama mti mzima, magunia mlangoni mwa ghala au korosho zilizoanikwa.

Kwa picha ya karibu ya jani au ua, njia rahisi ni mkulima kulikinga jua kwa mwili wake au kwa kofia pana, ili kitu chote kinachopigwa kiwe kivulini. Asiache nusu juani na nusu kivulini. Kisha aguse jani hilo kwenye kioo cha simu na, kama simu inaruhusu, apunguze mwanga hadi unga uonekane na rangi yake. Picha za kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni huwa nzuri zaidi.

Aidha, ni vizuri kufuta lenzi kabla ya kupiga, kukagua picha ukiwa kivulini, na kutoiacha simu juani kwa muda mrefu kwani ikipata moto kamera inaweza kujizima. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, hivyo picha ya ugonjwa itumwe kama faili ya dokumenti.

Kwa wabanguaji na wachuuzi

Somo hili linamhusu pia mbanguaji mdogo. Katika soko la dunia, W320 ni korosho nzima nyeupe, kati ya 300 na 320 katika ratili moja. Zilizobabuka kwa moto huwekwa daraja lingine, na bei yake ni ndogo. Picha iliyopigwa juani inaweza kuzifanya zilizobabuka zionekane nyeupe. Mteja akifungua mzigo na kukuta vingine, mchuuzi hupoteza soko hata kama hakukusudia kudanganya.

Dawa yake ni kupiga korosho hizo kivulini, juu ya karatasi nyeupe, ili mteja awe na cha kulinganishia rangi.

Kwa korosho ghafi, picha haichukui nafasi ya vipimo vya ghalani. Unyevu hupimwa kwa kifaa, na ubora wa ndani hujulikana kwa kukata sampuli. Kamera huonyesha ganda tu.

Kwa mkulima, picha bora ni ile inayoonyesha ugonjwa ulipo na rangi yake halisi, hata kama haipendezi. Ikifika kwa bwana shamba maua yakiwa bado mtini, bado kuna muda wa kuokoa msimu.