Boti Iliyotumika na Madalali Wake

Hapa Remera hakuna ziwa wala bandari. Kuna stendi ya mabasi ya kwenda mashariki, kuna uwanja wa Amahoro, kuna maduka ya Kisimenti na baa za Giporoso. Hata hivyo boti inauzwa hapa. Inauzwa kwa maneno, juu ya meza yenye chupa mbili, na anayeiuza hajapata kuipanda. Tunaandika habari hii kwa sababu fedha za wenzetu kumi na mmoja nusura ziishie juu ya meza hiyo, na kwa sababu ndugu zetu wa mashamba ya chai kule magharibi wametuuliza mara nyingi ilikuwaje.

Mwaka 2023 kiwanda kimoja cha upande wa Masoro kilifunga sehemu yake moja na kuwaachisha kazi wenzetu. Chama kilisimamia hesabu za malipo yao kwa mujibu wa sheria ya kazi ya 2018, ambayo inampa mtu aliyeachishwa kwa sababu za uchumi mafao yanayoongezeka kadiri ya miaka aliyotumikia. Kumi na mmoja kati yao ni watu wa Karongi na Rutsiro, waliokulia kando ya Ziwa Kivu. Hao walikataa kurudi nyumbani kila mmoja na fedha zake kidogo za kula hadi ziishe. Kila mmoja alitoa faranga 400,000, nyingine zikiwa akiba yake ya zamani, zikawa 4,400,000, wakaziweka katika SACCO. Nia ilikuwa kununua boti ya mbao yenye injini, ichukue kahawa, ndizi na saruji baina ya vijiji vya kando ya ziwa, mahali ambapo gari huzunguka milima na boti hukata moja kwa moja.

Sisi wa kamati tulipopata habari, mambo yalikuwa yamekwisha kwenda mbali. Komisiyoneri mmoja wa Giporoso, ambaye siku zote huishi kwa kuwatafutia watu nyumba, viwanja na pikipiki, alikuwa amewaambia kwamba anayo boti. Mita kumi na moja, injini Yamaha ya nguvu ya farasi 40, bei 5,200,000, ya mwisho kabisa 4,800,000. Aliwaonyesha picha katika simu. Akasema tajiri mmoja wa Goma anakuja Jumanne na fedha taslimu, kwa hiyo watume arubuni ya 150,000 ya kuishika boti. Wakatuma usiku ule ule kwa MoMo. Ujumbe uliporudi, jina lililotokea halikuwa la komisiyoneri. Lilikuwa la mwanamke wasiyemjua. Hakuna aliyeuliza.

Tajiri wa Goma tumekwisha kumsikia katika habari nyingi za kuuza na kununua. Hafiki kamwe.

Jumamosi tulikwenda pamoja nao. Kutoka Remera inabidi kushuka kwanza Nyabugogo, ndipo upande basi la Muhanga hadi Karongi. Komisiyoneri wetu hakuja. Alisema mwenzake atatupokea. Huyo mwenzake alitupokea vizuri, akatupeleka kwa mtu wa tatu aliyekuwa akitungoja ufukoni, na huyo wa tatu ndiye aliyejua boti ilipo. Mwenye boti hatukumwona. Tuliambiwa amesafiri, halafu anaumwa, halafu hapendi kelele za wanunuzi.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo tungepaswa kulijua, kwa kuwa kazi yetu ya kila siku ni kuuliza nani anamlipa nani. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mti alituuliza tumeambiwa bei gani. Tulipomtajia alicheka sana. Mwenye boti, alisema, amekuwa akitaka 3,500,000 tangu msimu uliopita. Tofauti ile ya 1,300,000 ndiyo cha juu. Ilikuwa ya kugawanywa na watu watatu, yule wa Giporoso, yule wa Karongi na yule wa ufukoni. Gawanya kwa wenzetu kumi na mmoja, utaona kila mmoja alikuwa karibu kulipa faranga 118,000 kwa ajili ya kutoonana na mwenye mali. Kwa wengi wao huo ni mshahara wa mwezi mzima na zaidi.

Wenzetu waliowahi kufika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, watasema dalali si kitu kibaya. Ni kweli. Pale dalali hunadi samaki mbele ya watu wote. Mvuvi anasikia bei, mnunuzi anasikia, na kila mtu anajua ujira wa dalali unatoka wapi. Huyu wetu ni dalali wa namna nyingine. Yeye hamnadii mtu kitu chochote. Anachouza ni lile giza lililo kati ya mwenye boti na mnunuzi, na giza likiondoka hana biashara. Ndiyo maana mwenye boti huumwa kila tunapofika.

Boti yenyewe tuliikagua. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, mbichi bado, ikinuka. Tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyevua sambaza ujanani kabla ya kuja mjini, naye alituambia tusitazame rangi, tutazame chini. Alitoa kisu akakichomeka taratibu kandokando ya mkuku, yaani ule uti wa chini wa boti, na mahali mataruma yanapokutana na mbao za ubavuni. Ubao mzima hukirudisha kisu. Mahali pawili kisu kiliingia kama katika ndizi iliyoiva. Akakwaruza rangi kuzunguka misumari, ikaonekana kutu inayochuruzika. Akatwambia pia jambo ambalo hatukulijua. Wavuvi wa sambaza katika Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na kuna madalali wanaochukua mmoja wa mitumbwi hiyo, wakaupaka rangi na kuuita boti ya mizigo. Mtumbwi uliozoea kushikwa na wenzake wawili ukiwa peke yake na magunia ya saruji hulala ubavu. Alitufundisha kutafuta alama za kamba na miti kwenye kingo.

Injini nayo ilikuwa na vituko vyake. Kabla hawajaiwasha, mwenzetu fundi wa mashine aliweka kiganja juu yake akakuta ina joto. Walikuwa wameiwasha kabla hatujafika ili mbele yetu iwake kwa mvuto mmoja. Kwenye kofia yake kulikuwa na namba 40 iliyobandikwa. Lakini pale kwenye mkono unaobana ubao wa tezi, mahali penye kile kibati cha namba ya injini, palikuwa na matundu mawili matupu ya ribiti. Mtu wa ufukoni alisema kibati kilianguka ziwani. Kibati hakianguki ndugu zangu, hung'olewa. Injini za boti huibiwa, tena huvushwa kutoka pwani moja ya ziwa hadi nyingine, na siku mwenye mali akiikuta kwako, wewe ndiye utakayejieleza kwa polisi.

Tukarudi Kigali bila boti.

Kuirudisha arubuni ilikuwa kazi ya wiki tatu. Hakukuwa na karatasi yoyote, ila ule ujumbe wa MoMo wenye jina la mtu mwingine. Komisiyoneri alisema kwanza kwamba fedha ile ilikuwa nauli yake, ingawa hakusafiri. Tulimwita mbele ya kiongozi wa mudugudu wake, na yule mwanamke akafika, akasema kweli simu ni yake lakini fedha alimkabidhi jamaa. Mwishoni alilipa 90,000. Zile 60,000 alisema zimekwisha kuliwa Karongi. Zikapotea.

Katika kamati tuligombana. Wengine walisema tuache madalali kabisa, twende wenyewe ufukoni. Tulijaribu Jumapili mbili. Wavuvi walitupokea kwa heshima wakatuuliza nani ametutuma, tuliposema hakuna, mazungumzo yakaishia kwenye hali ya hewa. Tulitumia nauli, tukala sambaza, tukarudi. Lazima tuseme ukweli kwamba dalali ana kazi yake. Anajua nani ana deni, nani amezeeka hawezi tena kuendesha, nani amekufa na watoto wake wanagombania boti. Anajua pia kwamba uvuvi wa sambaza unapofungwa kila mwaka kwa kama miezi miwili, watu wa pwani huhitaji fedha na bei huteremka. Kujua mambo hayo ni kazi, na kazi hulipwa. Kilichotushinda ni kwamba ujira wake ulikuwa haujulikani, haukupatanwa, na ulikuwa ukikua kadiri sisi tulivyozidi kutojua.

Basi tukamtafuta mwingine, kijana wa hapa hapa Remera ambaye mjomba wake anaishi kando ya ziwa. Tulimweka mezani kama tunavyowaweka waajiri. Tukamwambia ujira wako ni 120,000, hauongezeki wala haupungui boti ikiwa ya bei yoyote. Utalipwa siku ya kukabidhiwa boti, si kabla. Nauli yako tutalipa sisi kila safari. Na siku ya kwanza ya kuitazama boti, mwenyewe awepo, ama hatushuki kwenye basi. Yakaandikwa katika daftari, akatia sahihi.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Wazee wangu, hamtaki nile?"

Mwenyekiti wa kundi, ambaye alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, akamjibu, "Tunataka ule, kijana. Lakini tukuone ukila."

Mwezi wa pili alitupeleka kwa mzee mmoja aliyeacha kazi ya ziwa kwa sababu ya macho. Boti ya mita tisa, ndogo kuliko tuliyoitaka, ya mizigo tangu ilipotengenezwa. Mzee alikuwepo na mkewe alikuwepo. Tulimwuliza mbele ya kijana, "Mzee, bei yako mkononi ni ngapi?" Akasema 3,400,000. Tukamwuliza tena, "Na huyu umemwahidi nini?" Mzee, bila hila, akasema amemwahidi 50,000. Kijana akatazama chini. Hapo wenzetu wawili walitaka kumfukuza. Sisi tuliona hapana. Mtu aliyezoea cha juu haachi kwa siku moja. Tukapatana kwamba ujira wake unabaki 120,000 zote pamoja, mzee atoe 50,000 zake na sisi 70,000. Alikubali, na kuanzia hapo akawa upande wa kazi, akapanda majini pamoja nasi.

Tuliitoa boti majini ikalala nchi kavu usiku mmoja, tukaichoma kisu kote. Ubao mmoja tu ulikuwa laini. Kalafati ilikuwa imechoka lakini hiyo hutiwa upya. Injini ilikuwa baridi tulipoigusa, ikawaka kwa mvuto wa nne, na maji ya kuipoza yakatoka kwa nyuma kama mkojo wa mtoto, ndivyo yanavyotakiwa. Kibati chake kilikuwepo na namba yake ilifanana na ile ya karatasi ya mzee. Lakini fundi alipofungua skrubu ya chini karibu na pangaboi, oili ya gia ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maana yake maji yanaingia, sili imekufa. Mzee hakubisha, akateremsha hadi 3,200,000. Tukaipakia watu kumi na wawili na magunia manane ya mchanga, tukaenda hadi kisiwa cha karibu na kurudi, tukipima kwa kopo maji yaliyoingia. Yalikuwa makopo matatu.

Mkataba uliandikwa kwa noteri wa umurenge. Mzee na mkewe walitia sahihi, namba ya injini ikaandikwa ndani, na fedha zilitoka SACCO kwenda katika akaunti ya mzee mwenyewe, si katika simu ya mtu yeyote. Zilizobaki baada ya nauli zilikuwa milioni moja na kidogo. Zilikwenda katika sili, ubao mmoja, kalafati, na jaketi za kuokolea maisha, kwa sababu polisi wa majini hawana mzaha na jambo hilo, wala sisi.

Boti inafanya kazi. Kijana alilipwa 70,000 zake siku ile ile na risiti ipo katika daftari la kundi kwa yeyote atakaye kuiona.

Yule wa kwanza bado hukaa pale pale Giporoso. Jumapili iliyopita tulipotoka mkutanoni alitusalimu kwa furaha, akatwambia anayo boti nyingine, nzuri zaidi, iko Muhazi, saa moja na nusu tu kwa basi kutoka hapa Remera. Tulimwuliza mwenyewe ni nani. Akasema tutume kwanza 50,000.